Fahali Mmoja, Madau Mawili

SEHEMU YA KWANZA

Katika ukuta wa hoteli ya Mama Mahamri, upande unaotazama barabara kuu, mliandikwa kwa makaa tarakimu ambazo hakuna aliyethubutu kuzifuta kwa zaidi ya mwaka mzima: 2:01:09. Hata Mama mwenyewe alipopaka chokaa wakati wa Idi alizizunguka, zikabaki ndani ya kidirisha cheusi. Dereva mgeni akiuliza ni nini, huambiwa ni saa ya Kipchoge, na kwamba aliyeiandika haruhusu mkono wa mtu mwingine uiguse.

Hoteli hiyo iko Samburu. Si Samburu ile ya kaskazini, ya wamorani na simba, ambayo wageni hutuchanganya nayo kila siku. Hii ni Samburu ya Kinango, kaunti ya Kwale, nchi ya Waduruma, ukishapita Maji ya Chumvi na kabla hujafika Taru. Ndugu zetu wa Diani na Msambweni wana bahari na watalii wa kuitazama. Sisi tuna reli mbili, ya Mwingereza na ya Mchina, malori usiku na mchana, na jua lisilojua kuomba radhi.

Aliyeandika ukutani ni Mwalimu Desimali. Jina alilopewa na mama yake lilikwisha kusahaulika. Miaka thelathini ya kufundisha hesabu ilimpa hili, kwa kuwa hata ukimuuliza bei ya mbuzi hukujibu mpaka senti. Na katika mambo ya marathoni alikuwa kama mganga, ila mganga wa kalamu. Kabla ya Berlin ya 2018 alisema Kipchoge atavunja rekodi. Kipchoge akavunja: 2:01:39. Kabla ya Berlin ya Septemba 2022 akasema atavunja tena. Ikawa 2:01:09, ndiyo hiyo ya ukutani. Kisha tarehe 24 Septemba 2023, Kipchoge akiwa Berlin kwa mara nyingine, vijana wote wa bodaboda wakaapa kwamba rekodi inaanguka. Mwalimu akatikisa kichwa. Kipchoge alishinda mbio, lakini kwa 2:02:42, na vijana wakanunulia wazee chai wiki nzima.

Kwa hiyo Jumamosi ya tarehe 7 Oktoba, Mwalimu aliposema kwamba huyu kijana Kelvin Kiptum hatavunja kitu kesho huko Chicago, watu walipokea kama taarifa ya habari. Hakuna aliyebisha.

Isipokuwa Mkeiyo.

Mkeiyo ni dereva wa lori la makontena. Safari zake za Malaba hupumzikia Samburu, na baada ya miaka mingi amekuwa mtu wa pale. Kiduruma chake kibovu huchekesha watoto. Muguka hatafuni, mnazi haonji. Anakunywa chai ya maziwa tu na kusikiliza. Siku hiyo aliweka kikombe chini.

"Mwalimu," alisema, "hapo umeteleza."

Kimya kikaingia mpaka jikoni.

"Haya, nikuonyeshe nilivyoteleza," Mwalimu akajibu bila kukasirika, akachukua kipande cha kaa. "Rekodi ni sekunde 7,269. Gawanya kwa kilomita 42.195. Kila kilomita ni dakika mbili na sekunde hamsini na mbili na pointi tatu. Ukimaliza moja unaanza nyingine, kutoka hapa mpaka karibu na Mazeras. Nani hapa ataikimbia hata moja tu?"

"Mimi," alisema kijana mmoja, "nikiwa na pikipiki."

Wakacheka. Mwalimu hakucheka, alikuwa bado anaandika. Tergat 2003. Gebrselassie 2007, na tena 2008. Makau 2011. Kipsang 2013. Kimetto 2014. Kipchoge 2018 na 2022. "Rekodi nane za wanaume mfululizo," akasema, "na zote nane zimevunjwa mji mmoja, Berlin. Miaka ishirini! Sasa huyu anataka kuvunja Chicago, mwezi wa kumi, penye upepo wa ziwa. Kwa nini?"

"Brigid Kosgei alivunja wapi?" aliuliza Mkeiyo taratibu.

Mwalimu akanyamaza kidogo. Kosgei alikimbia 2:14:04 mwaka 2019, akaifuta rekodi ya Paula Radcliffe iliyokuwa imedumu miaka kumi na sita. Na ilikuwa Chicago.

"Na Kipchoge je, ile 1:59?" mtoto mmoja akadakia kutoka mlangoni. "Si tayari alishapita?"

"Ile ya Vienna haihesabiwi," Mwalimu alimjibu, akishukuru kupata pa kupumulia. "Alikuwa na wasindikizaji wanaopokezana njiani, gari linalomulika mstari wa kufuata, maji yanaletwa kwa baiskeli. Haikuwa mashindano. Ilikuwa maonyesho, na maonyesho mazuri. Kaa chini."

Mkeiyo hakuachia. Nyumbani kwao ni karibu na Chepkorio alikokulia Kiptum, na aliongea kama mtu anayesimulia habari za jirani. Kijana alikuwa mchungaji wa mifugo, akiwafuata wakimbiaji wakubwa barabarani miguu mitupu. Kocha wake ni Mnyarwanda, Gervais Hakizimana. Kwa wiki hukimbia zaidi ya kilomita 250. "Yaani kila wiki anatoka Mombasa na kufika Mtito Andei kwa miguu," alisema, na wanaoijua barabara hiyo kwa usukani wakaguna. "Lakini si hilo. Wengine huanza na moto wakamalizia na majivu. Huyu moto wake uko mwisho. London mwezi wa nne, nusu ya pili alikimbia kwa dakika 59 na sekunde 45."

"Mara moja."

"Marathoni zenyewe amekimbia mbili tu maishani."

"Ndiyo nasema! Mtu mwenye marathoni mbili huna wastani wake."

"Basi umejuaje kwamba hatavunja, Mwalimu?"

Hapo ndipo maneno yalipogeuka kuwa dau. Mwalimu aliweka fahali wake, yule mwekundu mwenye baka jeupe kipajini. Msomaji asiyejua nyika asilipite neno hilo haraka. Ukame ulioanza mwishoni mwa 2020 ulimaliza zizi la Mwalimu. Ng'ombe walikufa wamesimama wima kwenye mabwawa makavu, na waliobaki ni fahali huyo na majike wawili. Mkeiyo naye aliweka mtamba wake wa maziwa, wa kizungu, akaahidi kumshusha kwa lori. Wazee wakasema mtamba wa baridi atakufa Taru kabla ya Jumatano, lakini dau ni dau.

Mlangoni, mgongo ameuegemeza kwenye nguzo, alikuwepo mpwa wa Mwalimu. Wanamwita Taniboi kwa sababu aliwahi kuwa utingo wa Mkeiyo kwa mwaka na nusu. Aliposikia neno "fahali", koo lilimkauka.

Fahali hakuwepo.

Alhamisi usiku Taniboi alimtoa zizini akamkabidhi dalali mmoja wa mifugo wa Mariakani, dalali ambaye ng'ombe hawampi faida kama anayoipata kwa kushika madau ya vijana. Makubaliano: Kiptum akivunja rekodi, fahali atarudi pamoja na shilingi elfu arobaini. Asipovunja, fahali haendi popote ila machinjioni. Pikipiki ya Taniboi ilikuwa ya mkopo, malipo ya miezi mitatu hayajalipwa, na Jumatatu wenye mali wangekuja kuichukua. Alikuwa amepita Kaptagat alfajiri akiwa ndani ya lori la Mkeiyo. Aliwaona wakimbiaji wa huko wakifanya mazoezi gizani, pumzi zao zikitoa moshi kwa baridi. Aliwaamini kuliko alivyoamini hesabu ya mjomba. Tena, alijiambia, zamani za Waduruma mifugo ya mjomba ilirithiwa na mpwa. Amechukua chake mapema tu.

Sasa tazama alivyojifunga. Kiptum akivunja, Taniboi anapona na mjomba anampoteza fahali. Asipovunja, mjomba anashinda dau na kwenda zizini kumpongeza fahali aliyekwisha kuwa nyama.

"Dau lisiloonekana si dau," mzee mmoja alikata shauri. "Kesho saa tisa fahali afungwe hapo mkwajuni, kila jicho limwone."

"Mpwa wangu," Mwalimu aliita, "utamleta wewe."

"Ndiyo, Mjomba."

Usiku ule Taniboi alitembea kwenda zizini na panga. Alikuwa na mpango mmoja tu: akate kamba, abomoe miba ya lango, alfajiri apige kelele za wezi. Mwezi ulikuwa mdogo. Alifika, akainua panga, akasikia kitu kikivuta pumzi upande wa pili wa miba. Pumzi nzito, ya mnyama mkubwa.

Akawasha tochi ya simu. Macho mawili mekundu yalimtazama, na juu yake baka jeupe la kipaji.

SEHEMU YA PILI

Alichofikiria kwanza ni kwamba dalali amemrudisha. Akampigia. Simu ya dalali ikaita, ikapokelewa.

"Fahali wako ninaye hapa mbele yangu," dalali alisema kwa sauti ya usingizi, "anakula majani yangu. Lala, kijana."

Taniboi akasogeza tochi. Rangi ni ileile, baka ni lilelile, nundu karibu sawa. Lakini sikio la kushoto lilikuwa limekatwa ncha mara mbili, alama ya mwenyewe. Fahali wa Mwalimu hakuwa na alama. Huyu alikuwa wa mtu. Ameletwa na nani, saa ngapi, kwa nini katika zizi hili, Taniboi hakuwa na jibu, na kusema kweli hakulitafuta sana. Mtu anayezama haulizi kamba ni ya nani.

Jumapili saa tisa alimfunga mkwajuni, ubavu wa kushoto umeelekea ukuta.

Wazee walipita mmoja mmoja. Watu wa nyika hawasahau ng'ombe. Humjua jirani kwa mifugo yake kabla ya kumjua kwa uso. Mzee mmoja alisimama pale muda mrefu, akatema muguka, akaenda zake bila neno. Mwisho akaja Mwalimu mwenyewe. Ana mtoto wa jicho upande mmoja, hivyo huona zaidi kwa mkono. Alimpapasa fahali nundu, akashuka shingoni, mkono ukafika sikioni, ukakaa hapo.

"Amenenepa," alisema, akaingia ndani.

Saa tisa na nusu alasiri kwetu ni saa moja na nusu asubuhi Chicago. Mkeiyo aliunganisha simu yake na televisheni ya Mama Mahamri kwa waya, bando akiwa amelinunua la kutosha, na watu wakajaa mpaka madirishani. Picha ilikuja, ikakwama, ikaja tena. Kiptum mbele, na begani mwake Mkenya mwenzake Daniel Mateiko, ambaye hiyo ilikuwa marathoni yake ya kwanza.

Kilomita kumi: 28:42. Mwalimu aliandika ukutani. Kwa mwendo wa rekodi zilitakiwa dakika 28 na sekunde 43. "Sekunde moja mbele," alisema. "Sekunde moja si kitu. Tungojeni."

Watu walingoja kwa kelele. Taniboi alingoja kwa tumbo. Alikaa karibu na mlango, jicho moja kwenye skrini, jingine mkwajuni, na kila lori lililopunguza mwendo lilimnyanyua nusu ya kiti.

Nusu ya njia: 1:00:48.

Mwalimu hakuhitaji kaa. "Zidisha kwa mbili. 2:01:36. Amechelewa sekunde ishirini na saba." Akageuka akamtazama Mkeiyo, si kwa kejeli, kwa namna mwalimu anavyomtazama mwanafunzi mzuri aliyekosea. "Ng'ombe wa kizungu hunywa maji kiasi gani kwa siku?"

Chumba kikalipuka kwa kicheko. Taniboi aliinamisha kichwa. Mkeiyo alipuliza chai yake.

"Ngoja thelathini," alisema.

Thelathini ikafika: 1:26:31. Mwalimu alikuwa na daftari lake la Berlin ya 2022, alilifungua, akasoma kwa sauti. Kipchoge siku ya rekodi alipita hapo kwa 1:25:40. Yaani kama Kipchoge wa siku ile angekuwa barabarani, Kiptum angekuwa sekunde hamsini na moja nyuma yake. Katika mbio za watu wa namna hii, hiyo ni karibu mita mia tatu. Vijana wawili walitoka nje kuvuta hewa. Mama Mahamri akaanza kukusanya vikombe.

Lakini kuna kitu Mwalimu alikiona kabla ya wote, na hapa nampa haki yake. Hakukiona kwenye saa. Alikiona miguuni. "Huyu mwingine amebaki," alisema polepole, na kweli Mateiko alikuwa ameachwa, mita kumi, ishirini, kisha hayupo kabisa kwenye picha. Kiptum hakuwa amegeuka. Uso wake haukubadilika. Kilichobadilika ni barabara, iliyokuwa ikimpita kwa kasi zaidi.

Kilomita thelathini na tano: 1:40:22.

Kaa lilivunjika mkononi mwa Mwalimu. Kilomita tano kwa dakika 13 na sekunde 51. Alipiga hesabu mara mbili, kwa sababu ya kwanza hakuiamini. Kipchoge alipita hapo kwa 1:40:10. Zile sekunde hamsini na moja zilikuwa zimebaki kumi na mbili. Zimesalia kilomita saba na kidogo, na ili kuivunja rekodi kijana anahitaji kwenda kila kilomita kwa dakika mbili na sekunde hamsini na tatu. Anakwenda kwa mbili na arobaini na sita.

"Mwalimu?" mtu aliuliza. "Vipi?"

Mwalimu hakujibu. Alikuwa amesimama, na bila mwenyewe kujua alikuwa akipiga paja kwa kiganja, pa, pa, pa, akifuata hatua za yule kijana. Nimewahi kuwaona watu wakishangilia timu iliyowafunga, ni wachache. Mtu anayeshangilia kupoteza fahali wake wa mwisho nilisimuliwa huyu mmoja tu.

"Nilichukua wastani," alimwambia Mkeiyo bila kuondoa macho kwenye skrini. "Ningechukua mazoea."

Wakati huo kila mtu mle ndani alikuwa mtabiri. Huyu atashuka chini ya saa mbili, walisema, ni suala la mwaka. Na si Samburu tu waliosema hivyo. Baadaye ilitangazwa kwamba angekimbia Rotterdam Aprili 2024 akiitafuta hiyo 1:59 ya mashindano halali. Ajali ya gari usiku wa 11 Februari, karibu na Kaptagat, ilimchukua yeye na kocha wake Hakizimana. Alikuwa na miaka 24. Lakini Jumapili ile hakuna aliyeyajua hayo, kwa hiyo nasi tuwaache wapige kelele zao.

Arobaini: 1:54:23. Nusu dakika mbele ya Kipchoge.

Simu ya Taniboi ilitetemeka. Ujumbe wa dalali ulikuwa mfupi, wa mtu aliyekwisha kukasirika: "Njoo umchukue ng'ombe wako na pesa zako. Usirudi tena kwangu." Taniboi aliusoma mara tatu. Pikipiki imepona. Fahali amepona. Akikimbia sasa hivi Mariakani, akarudi usiku, akambadilisha yule mgeni wa mkwajuni kwa fahali halisi kabla Mkeiyo hajapakia, hakuna atakayejua kitu mpaka kiama. Alianza kucheka peke yake.

Ndipo alipowaona.

Walikuwa watatu, wamekuja kwa miguu kutoka upande wa Taru, fimbo mabegani, mavumbi mpaka magotini. Hawakuwa wakitazama hoteli wala watu. Walikuwa wakitazama chini. Wa mbele alifuata alama za kwato hatua kwa hatua kuvuka uwanja, mpaka kwato zikaishia kwenye mkwaju, na juu ya kwato akamkuta mwenyewe, ametulia, anatafuna.

Ndani watu walihesabu pamoja sekunde za mwisho kwa Kiswahili na Kiduruma, na saa iliposimama kwenye 2:00:35 paa la mabati lilitaka kuruka. Mtu wa kwanza duniani kushuka chini ya saa mbili na dakika moja katika mashindano halali. Sekunde thelathini na nne zimekatwa kwa mkupuo mmoja! Mkeiyo alikumbatiwa na watu asiowajua. Mama Mahamri alilia. Mwalimu alichukua kitambaa, akakilowesha, akaufuta ukuta kwa mkono wake mwenyewe.

Alikuwa amefika kwenye tarakimu ya mwisho mlango ulipojaa kivuli. Mtu wa mbele wa wale watatu alisimama kizingitini, fimbo mkononi. Hakupandisha sauti, lakini kelele zilikatika safu kwa safu, kuanzia mlangoni mpaka nyuma.

"Hodi, wazee. Natafuta aliyemfunga fahali wangu hapo nje."

Macho ya watu yaliyatafuta ya Taniboi, kwa maana wote walimwona akimleta. Alifungua mdomo. Hakuna kilichotoka.

"Karibu, mwanangu," Mwalimu alisema, akiweka kitambaa chini na kujifuta masizi vidoleni kimoja kimoja. "Yuko hapa kwa ajili yangu. Ijumaa usiku nilimchukua mimi, kwa mkono wangu."

Mzee aliyetema muguka alishusha pumzi. Mkeiyo aliacha kutabasamu. Mwenye fahali alipiga hatua moja ndani, na wenzake wawili wakaziba mlango.

"Na wa kwangu mimi," Mwalimu aliendelea, akigeuza lile jicho lake zima polepole kuelekea kwenye kiti kilicho karibu na mlango, "huyu mpwa wangu sasa atawaeleza nyote alikompeleka."

ITAENDELEA JUMAMOSI IJAYO